Ukanda Mweusi Machoni pa Mayu Mbuke

Picha za watafiti zilifika kwa Asteria zikiwa chafu, zikatoka kwake zikiwa safi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu alipostaafu kufundisha jiografia. Aliifanya katika chumba cha uani, nyumbani kwake Nyasubi mjini Kahama. Aliletewa grafu zenye herufi ndogo kama sisimizi, ramani zisizo na kipimo, na picha zilizopigwa kwa simu katikati ya vumbi. Yeye alinyoosha mistari, akakuza herufi, akachagua rangi ambazo hata mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani angeziona, kisha akaandika maelezo ya chini ya kila kielelezo.

Maelezo hayo ndiyo aliyoyaonea fahari zaidi.

"Msomaji mvivu haanzi na makala yako," aliwaambia vijana waliomletea kazi. "Anatazama picha, anasoma maneno yaliyo chini yake. Asipoelewa hapo, umempoteza. Maelezo lazima yasimame kwa miguu yake yenyewe."

Alikuwa mjane wa Edward, aliyekuwa afisa elimu, na jina la marehemu alilitunza kama nguo ya kanisani. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeandika wasifu. Waombolezaji walisikia kwamba Edward alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba, na kwamba ng'ombe wa baba yake ndio waliomsomesha. Ilisomwa vizuri, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Lakini ng'ombe wale walikufa wote kwa ugonjwa Edward akiwa bado darasa la nne. Aliyemsomesha ni mama yake, Mbuke, ambaye kwa miaka mingi aliinama kwenye mwalo wa machimbo upande wa Bugarama, akiosha mchanga wa dhahabu ndani ya karai, akikamatisha chembe kwa zebaki, kisha akiichoma zebaki hiyo juu ya mkaa huku moshi wake ukimpiga usoni. Asteria aliyajua hayo tangu siku alipoolewa kutoka Bukoba. Hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu. Binti yao, Lusia, alikulia katika nyumba hiyo hiyo bila kuyasikia.

Asubuhi moja Jinal alifika na kompyuta yake mgongoni. Alikuwa binti wa Champaklal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na Asteria alimfundisha kuchora kontua akiwa kidato cha pili. Sasa alikuwa anatafuta shahada ya uzamivu kuhusu zebaki na miili ya wachenjuaji wadogo, watu wanaosafisha dhahabu kwa mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mama yako hakulishi?"

"Ananilisha. Ila ameniambia nikitaja zebaki mezani tena, nitakula dukani pamoja na misumari."

Walicheka, wakaketi. Kazi ilikuwa mbili: vielelezo vya makala ya jarida, na bango moja la Kiswahili la kurudisha majibu kijijini, ili waliopimwa wajue kilichoonekana. Asteria alifungua picha moja moja. Kulikuwa na grafu ya mtetemeko. Kulikuwa na michoro ya konokono: kila mshiriki alipewa kalamu afuate mzingo wa konokono kwenye karatasi, na mistari ya wagonjwa ilikuwa imekatikakatika kama meno ya msumeno. Kulikuwa na picha za mikono, mikono mingi, ya wanaume na wanawake.

Kisha akafungua picha ya bibi mmoja aliyeketi kwenye kigoda, amenyoosha mikono yote miwili mbele, anaitazama kamera bila kupepesa. Ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imechanika.

Asteria akamtambua. Alikuwa Mbuke, mama mkwe wake.

"Huyu bibi nampenda," Jinal alisema, asijue lolote. "Wengine wote walikubali mikono tu. Yeye alikataa. Akasema, 'Pigeni na uso. Mkono usio na uso ni wa mwizi.' Akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa bila hata kusitasita."

"Ana watoto?"

"Anakaa na mmoja, yule wa mwisho. Sikuuliza zaidi. Majina hatuandiki."

Hapo ndipo Asteria alipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: huyu ni mama wa mume wangu. Badala yake aliwaza makala ikizunguka duniani, na bango likining'inia kijijini, na watu wa ofisi ya elimu waliomzika Edward wakiuliza: kumbe mama wa afisa alikuwa muosha mchanga? Na kumbe familia imemwacha mpaka mikono inatetemeka hivi?

"Uso hauwezi kwenda hivi," alisema.

"Lakini ridhaa ipo, Mwalimu. Jarida linaruhusu."

"Lilikuwa linaruhusu. Siku hizi hawataki. Utarudishiwa makala kwa jambo dogo."

Jinal alimtazama, kisha akainua mabega. Alikuwa amezoea kumwamini. Asteria akachora ukanda mweusi juu ya macho ya Mbuke. Kwa kawaida ukanda kama huo huwa mwembamba. Wake aliushusha kutoka kwenye nyusi hadi kwenye mifupa ya mashavu, kana kwamba alikuwa anafunga dirisha.

Kwenye makala ya jarida aliandika maelezo marefu kwa Kiingereza. Bango lilikuwa na nafasi finyu. Aliandika: *Mchenjuaji mstaafu wakati wa kipimo cha mtetemeko. Macho yamefunikwa ili kumlinda mshiriki asitambulike.* Mstari ulizidi, ukaingia kwenye picha ya jirani. Akaupunguza. Akaupunguza tena. Mwishowe ukabaki hivi: *Macho yamefunikwa kwa ajili ya ulinzi.* Ulikaa vizuri, herufi kubwa, unasomeka kwa mbali. Akaridhika.

Bango lilipotundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, watu walilisogelea kama wanavyosogelea chochote kipya. Haikupita wiki, Mabula akapiga simu. Huyu alikuwa mdogo wake Edward, ndiye aliyekaa na mama.

"Shemeji, kuna bango huku la yule dada Mhindi. Chini pameandikwa jina lako, kwamba wewe ndiye mwandaaji."

"Ndiyo."

"Aliyezibwa macho ni Mayu. Ni mama."

Asteria akafunga mlango wa chumba.

"Sasa sikiliza. Watu wanasema serikali imempima, imemwona. Imemziba macho kwa sababu ni mekundu."

Asteria akaketi kitandani. Hakuna aliyeishi Usukumani muda wote aliokuwa ameishi yeye asiyejua maana ya maneno hayo. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kushtakiwa kwa uchawi. Macho yake ndiyo ushahidi. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe kinachopikiwa kwenye vijumba visivyo na dirisha ulikuwa umewafanya vikongwe wengi hivyo, na baadhi yao walikufa kwa panga kwa sababu ya moshi huo. Yeye, mtu wa vitabu, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta na kufuata desturi ya watu wa mbali, ambao kwao macho yaliyofunikwa maana yake ni heshima. Hakuwaza hata mara moja ukanda ule ungesomwaje na watu wa kule.

"Wamemjuaje?" aliuliza, na swali lenyewe likamsikitisha.

"Wamemjuaje!" Mabula alicheka kicheko kikavu. "Shemeji, sisi tunajuana kwa visigino. Sikio lile kuna nani mwingine analo? Jana mke wangu ameenda kisimani, wanawake wenzake wakainua ndoo zao wakamwachia kisima kizima. Hakuna aliyemtukana. Wameondoka tu."

Jinal alipoambiwa kwamba kuna maneno kijijini, aliazima pikapu ya baba yake, wakaenda wote wawili. Njiani Asteria bado hakumwambia. Alikuwa anajipanga. Alijisemea kwamba akifika atajua la kufanya.

Walikuta kundi mbele ya ofisi. Wote walikuwa wameligeukia bango, hakuna aliyewaona mara moja, hivyo waliyasikia mazungumzo kama yalivyo.

"Soma wewe uliyesoma. Imeandikwaje?"

"'Macho yamefunikwa kwa ajili ya ulinzi.'"

"Ulinzi wa nani?"

"Wetu sisi tunaotazama! Au unataka bango likutazame?"

"Mimi mtoto wangu alianza degedege siku ile ile lilipotundikwa."

"Wewe mtoto wako ana degedege tangu msimu wa pamba, acha kutia chumvi."

"Haya, cheka. Lakini niambie, mbona hawa wengine hawakufunikwa chochote? Huyu peke yake. Waliona nini?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa mwanamume wa makamo, hakuwa mlevi wala mpumbavu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa. Ndicho kilichomtisha Asteria zaidi, kwamba swali lilikuwa la haki. Maelezo yake hayakuweza kusimama. Yalianguka mikononi mwa mtu wa kwanza aliyeyagusa.

Mtendaji wa kijiji alipowaona, aliita watu waketi. Jinal alisimama, akaeleza kuhusu zebaki, jinsi inavyoingia mwilini kwa moshi, jinsi inavyotikisa mikono. Walimsikiliza kwa adabu. Alipofika kwenye ukanda, akamgeukia Asteria.

"Mwalimu ndiye anayejua sheria za majarida. Atawaeleza kwa nini."

Asteria akasimama. Mabula alikuwa amesimama pembeni, chini ya paa la bati, anamtazama. Macho yake yalikuwa yanamwomba kitu kimoja tu. Aseme: mwanamke huyu ni mkwe wangu. Mikono yake ilisomesha mume wangu kwa zebaki. Mimi ndiye niliyemfunika, kwa sababu niliona aibu, si kwa sababu ya macho yake. Mtu wa mjini, mwalimu, mke wa afisa, akisema hivyo hadharani, huenda kijiji kingecheka, kikamwona yeye mjinga, na mambo yakaishia kwake. Aibu ingehama kutoka kwa kikongwe ikamwangukia yeye.

Alifungua mdomo.

"Ni utaratibu," alisema. "Katika picha za kitaalamu, uso wa mtu hufunikwa. Ni sheria tu ya kazi."

Yule mwanamume akanyoosha mkono. "Mama, samahani. Kama ni sheria, basi na hawa wa mikono mngewafunika kucha."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Asteria alisubiri kiishe, akasema tena kwamba ni sheria, akaketi. Hakumtazama Mabula. Baada ya mkutano alimwomba mtendaji aliondoe bango, na mtendaji, aliyekuwa anatafuta amani tu, akalikunja siku hiyo hiyo, akaliweka nyuma ya kabati.

Wakiwa njiani kurudi, karibu na Bugarama, Jinal aliuliza bila kugeuka, "Jarida halikatai, sivyo, Mwalimu? Nimesoma tena masharti yao."

"Halikatai."

"Sasa kwa nini?"

Asteria akamwambia.  Jinal aliendesha gari mpaka Kahama akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayejifunza.

Kule kijijini, ukuta mtupu ulisema zaidi ya bango. Walisema: wamekuja wenyewe wa mjini, wameona, wameliondoa. Kama ni utaratibu tu, waondoe kwa nini? Neno likahama kutoka "anasemekana" likawa "nogi", mchawi, likatamkwa hata watoto wakiwepo. Mtoto mwenye degedege akafa. Mabula alipiga simu kila alipopata salio, na kila mara Asteria alisema atakuja kumchukua mama, amsafishie chumba kwanza. Chumba kilikuwa safi. Alichokuwa anatafuta ni namna ya kuwaambia majirani wa Nyasubi kikongwe huyu ametoka wapi, na anatetemeka kwa nini.

Wakaichoma nyumba ya Mbuke mchana kweupe, watu wa shamba wakiwa shambani. Yeye alikuwa ndani. Mke wa Mabula ndiye aliyemvuta nje kwa miguu, na paa la nyasi likaanguka nyuma yao. Aliungua mgongo na upande mmoja wa shingo. Hakuna aliyekuja na ndoo. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walifika moto ukiwa umekula vya kula, wakauliza maswali, hakuna aliyeona kitu. Mabula akamleta mama yake Kahama nyuma ya bodaboda, amemfunga kwake kwa kitenge asianguke, na alipomshusha mlangoni kwa Asteria hakusalimia.

"Huyu hapa," alisema. "Chumba kimeshakuwa safi?"

Asteria alimpokea. Alimwosha vidonda, akampeleka hospitali, akamlisha kwa mkono kwa sababu kijiko hakikufika mdomoni kikiwa na kitu. Majirani walipouliza, alijibu, "Ni mama yake Edward." Hawakuuliza zaidi. Mmoja alileta maziwa. Asteria aliyapokea, akafunga mlango, akalia huku ameshika chupa ya maziwa, kwa jinsi jambo lile alilolihofia lilivyokuwa dogo.

Mbuke hakulalamika. Alizungumza kidogo, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, akimwita mkwe wake Mama Lusia kama zamani. Kidonda cha shingoni kilikataa kupona. Siku zilipokuwa nzuri alikaa kwenye kiti cha uani, karibu na mlango wa chumba cha kazi, akimsikiliza Asteria akibonyeza herufi.

Ndipo Jinal akaja tena. Makala ilikuwa imekubaliwa, na jarida lilitaka vielelezo vya mwisho.

"Bado tunaweza kubadilisha, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa na utani tena alipokuja pale. "Ukanda tunaweza kuutoa. Ridhaa yake ipo. Nadhani tunadaiwa angalau hilo."

Kutoka uani sauti ikaita, "Mnasema habari yangu?"

Wakamsaidia kuingia. Akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, na Asteria, akiwa amesimama nyuma yake, akasema kile ambacho hakukisema kijijini.

"Mayu, ni mimi niliyekufunika. Halikuwa agizo la jarida. Niliona aibu."

"Najua. Mabula aliliona hilo siku ya mkutano, akaniambia." Mbuke hakugeuka. "Edward naye alikuwa hivyo hivyo. Akija kunisalimia anatazama miguu yangu. Mikono hakuitazama kamwe, hata nikimpa chakula. Mliendana vizuri."

Jinal akainamisha kichwa. Asteria akashika kipanya, akaufuta ukanda. Uso ukatokea mzima: nyusi chache, mashavu yaliyobonyea, macho mawili yanayotazama mbele. Mbuke aliinama karibu na kioo. Nyumbani kwake hakukuwa na kioo cha kujitazamia, na pengine ilikuwa miaka mingi tangu ajione kwa namna hiyo.

"Kumbe ni mekundu kweli," alisema.

"Ni moshi, Mayu," Asteria aliharakisha. "Moshi wa jikoni, na ule wa zebaki. Mtu yeyote angekaa kwenye moshi ule..."

"Moshi naujua. Nimekuuliza moshi? Nimesema ni mekundu." Alizidi kutazama. Mikono yake ilikuwa inacheza mapajani, haikutulia. Alipozungumza tena alikuwa anaongea na picha kuliko na wao. "Mtu akiyaona hivi, atakosaje kuogopa?"

"Bibi, usiseme hivyo," Jinal alisema.

"Nitoe."

"Nikutoe vipi, Mayu?"

"Huo uso. Ukate. Bakisha mikono kama mlivyofanya kwa wenzangu. Sitaki kitambaa cheusi, na sitaki macho. Mikono tu."

"Tunaweza kuandika jina lako," Asteria alisema. "Tuandike kwamba ni wewe, kwamba ni mama wa Edward, na kazi uliyofanya. Mimi nitaandika."

"Sasa?" Mbuke aligeuza shingo kwa shida, vidonda vikamuuma, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Sasa jina la nini, Mama Lusia? Kata."

Asteria akakata. Alivuta ukingo wa picha ukashuka: paji la uso likaenda, macho yakaenda, sikio likaenda, shingo ambayo wakati ule ilikuwa bado nzima nayo ikaenda. Ikabaki mikono miwili hewani. Kisha akafuta maelezo ya zamani, akaandika mapya, akayasoma kwa sauti kwa sababu mwenye mikono hakujua kusoma.

"'Mikono ya mchenjuaji wa dhahabu mstaafu wakati wa kipimo cha mtetemeko.'"

"Ya nani?"

"Haisemi, Mayu."

Mbuke akatikisa kichwa kukubali. Baadaye kidogo akasema ana kiu, na Asteria akaenda kuleta maji, akamshikia kikombe.